Nani Yuko Majini? Usomaji wa Pamoja wa Riwaya za Vita vya Baharini na Historia ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Riwaya za vita vya baharini, hasa zile zinazohusu manowari na nyambizi, zilisomwa sana ulimwenguni katika nusu ya pili ya karne ya 20. Zilisomwa melini, makambini, shuleni na majumbani. Nyingi ziligeuzwa kuwa filamu. Na hadi leo huchaguliwa na vyama vya wasomaji ambavyo wanachama wake hukutana kujadili kitabu kimoja walichokisoma wote. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, utanzu huu huonekana kuwa mambo ya watu wengine. Mabaharia wake ni Waingereza, Wajerumani, Wamarekani na Wajapani. Bahari yake ni Atlantiki au Pasifiki. Na lugha yake ni ya madaraja ya unahodha na mitambo ya chuma.

Mhadhara huu unapinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba vita vya majini viliwagusa wasemaji wa Kiswahili kwa namna ambayo riwaya hizo ama haziisemi, ama huisema kwa kupita. Unadai pia kwamba kusoma kwa pamoja, watu wakiwa wameketi na kubishana, ni njia mojawapo bora ya kuliona pengo hilo. Swali linaloongoza uchambuzi ni jepesi kulitamka: meli inapozamishwa katika riwaya, nani yuko majini, na je, ana jina?

Kabla ya kuendelea, msamiati unahitaji maelezo mafupi, kwa kuwa maneno yenyewe yana historia. Nahodha ni neno lenye asili ya Kiajemi, na baharia lina asili ya Kiarabu; yote mawili yaliingia kwa njia ya biashara ya majahazi katika Bahari ya Hindi. Manowari, kinyume chake, limetoholewa kutoka jina la Kiingereza la meli ya kivita, na watu wa pwani walikijua chombo hicho kwanza kwa kukitazama kutoka nchi kavu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga jumba la Sultani wa Zanzibar, na mapigano yakaisha kabla ya saa moja kutimia. Basi katika kumbukumbu ya lugha, nahodha na baharia ni watu wa chomboni, lakini manowari ni chombo kinachoelekeza mizinga yake kwa watu walioko pwani.

Istilahi ya chama cha wasomaji nayo inahitaji kutenganishwa. Kwa Kiingereza, jina moja limetumika kwa mambo mawili. La kwanza ni biashara ya kuwauzia wanachama vitabu vilivyoteuliwa, kama ilivyoanzishwa Marekani mwaka 1926 na klabu maarufu ya kitabu cha mwezi. La pili ni mkutano wa watu waliosoma kitabu hichohicho na wanaotaka kukizungumza. Mhadhara huu unahusu maana ya pili.

2. Utanzu na Mtazamo Wake

Ingawa Jules Verne alikwisha kuwapeleka wasomaji chini ya bahari kwa riwaya yake ya mwaka 1870, riwaya ya vita vya nyambizi kama inavyofahamika leo ni zao la Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1951 Nicholas Monsarrat, aliyekuwa ametumikia katika manowari ndogo za kusindikiza misafara ya Atlantiki, alichapisha The Cruel Sea. Mwaka 1955 zilitoka HMS Ulysses ya Alistair MacLean, kuhusu msafara wa kuelekea Urusi kupitia bahari za barafu, na Run Silent, Run Deep ya Edward L. Beach, ambaye mwenyewe alikuwa ofisa wa nyambizi za Marekani katika Pasifiki. Mwaka 1973 Lothar-Günther Buchheim, aliyesafiri katika nyambizi ya Kijerumani U-96 mwaka 1941 akiwa mwandishi wa habari za vita, alitoa Das Boot.

Sifa moja inaziunganisha kazi hizi: mtazamo umefungwa ndani ya chombo kimoja. Msomaji huyajua maumivu, ucheshi, woga na harufu za watu wa chombo hicho. Walio nje yake huwajua kwa mwangwi wa mitambo, kwa moshi upeoni, au kwa umbo linaloonekana katika kioo cha darubini. Huu ndio ufundi unaoupa utanzu nguvu yake. Hofu ya Das Boot hutokana na watu waliofungiwa katika mtungi wa chuma wasioweza kumwona anayewashambulia. Aidha, riwaya hiyo ilikuwa na kazi nzito ya kimaadili. Takribani watu 40,000 walitumikia katika nyambizi za Ujerumani na takribani 30,000 kati yao walikufa. Buchheim aliwafanya wasomaji wa upande wa pili wakae na watu hao na kuhesabu milipuko pamoja nao.

Hata hivyo, mtazamo uliofungwa una gharama yake. Ipo hali moja inayojirudia katika utanzu huu na inayoidhihirisha gharama hiyo: watu wanaoelea baharini baada ya meli yao kuzama. Katika The Cruel Sea, Nahodha Ericson wa manowari Compass Rose anawakuta mabaharia wakiogelea wakisubiri kuokolewa, huku mtambo wa kusikilizia chini ya maji ukionyesha kwamba huenda nyambizi imejificha chini yao. Anaamua kutupa mabomu yanayolipukia chini ya maji. Watu wale wanakufa, na hakuna ushahidi unaopatikana kwamba nyambizi ilikuwapo. Katika riwaya ya Beach, nahodha wa nyambizi ya Marekani anaelekeza chombo chake kwa makusudi kwenye mashua za kuokolea zenye adui aliyewaulia wenzake wengi.

Inafaa kutazama ni kwa nani huruma ya msomaji inaelekezwa. Kwa Monsarrat, mateso yanayosimuliwa kwa kina ni ya nahodha aliyetoa amri. Waliokufa hawana majina. Hili si kosa la uandishi: riwaya imejengwa juu ya daraja la unahodha, na kutoka darajani watu walioko majini ni vichwa tu. Lakini msomaji anayesoma peke yake humaliza sura hiyo akiwa bado amesimama darajani.

3. Rufiji na Ziwa Tanganyika

Pengo hilo huonekana vyema zaidi pale riwaya inapokuja Afrika Mashariki yenyewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji. Ilikaa humo hadi tarehe 11 Julai 1915, iliposhambuliwa na Severn na Mersey, manowari mbili zilizoweza kuelea katika maji ya kina kidogo, na mabaharia wake wenyewe wakaiharibu. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikatumiwa na jeshi la Lettow-Vorbeck katika vita vya nchi kavu. Kisa hicho ndicho msingi wa Shout at the Devil ya Wilbur Smith (1968), ambamo manowari imepewa jina la Blücher.

Upande wa magharibi, Wajerumani walikuwa na meli Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli na kwa kukokotwa milimani katika Kongo. Mashua hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikafanya kazi ya kubeba abiria kwa jina la Liemba. C.S. Forester alichota katika habari hizo alipoandika The African Queen (1935), iliyofanywa filamu mwaka 1951. Ziwa lake ni la kubuni na meli ya Wajerumani inaitwa Königin Luise. Katika riwaya yake, tofauti na filamu, mashua ya wahusika wakuu inazama katika dhoruba, na ni mashua za jeshi la Kiingereza zinazoimaliza meli ile.

Jambo la kuzingatia liko mwanzoni mwa riwaya hiyo. Jeshi la Kijerumani linafika katika misheni na kuwachukua wanakijiji wote kuwa wapagazi. Baada ya hapo nchi inabaki tupu, na wahusika wawili Waingereza wanasafiri mtoni kana kwamba hakuna mwenyeji. Msuko unahitaji utupu huo, kwa sababu upweke wa wawili hao ndio unaozaa mapenzi yao na ushujaa wao. Lakini katika historia, waliochukuliwa hawakutoweka. Wao ndio waliobeba vita. Bila mikono yao mizinga ya Königsberg isingevuka pori, wala Mimi na Toutou zisingevuka milima. Jeshi la Waingereza liliandikisha mamia ya maelfu ya wapagazi, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa.

Hapa Kiswahili kimehifadhi kile ambacho riwaya imekiacha. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Kiingereza. Mwenye kupita sokoni hulitamka jina hilo kila siku bila kuwazia vita. Chama cha wasomaji kinachoisoma The African Queen jijini Dar es Salaam kinaweza kuanza na swali moja tu: wale watu wa sura ya kwanza walikwenda wapi? Jibu liko katika jina la mtaa.

4. Khedive Ismail, 1944

Mfano wenye uzito kupita yote ni wa Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli tano zenye wanajeshi uliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyobeba watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote melini lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, chenye maofisa na askari 996. Walikuwamo pia mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za kijeshi.

Jumamosi ya tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa makombora mawili yaendayo chini ya maji. Meli ilizama kwa muda wa takribani dakika mbili. Waliokuwa sitaha za chini hawakuwa na nafasi. Walioweza kutoka walijikuta wakielea katikati ya mafuta na mabaki, na ilidhaniwa kwamba nyambizi ilikuwa imejificha chini yao.

Manowari mbili za ulinzi, Paladin na Petard, zilikabiliwa na jambo lilelile ambalo Monsarrat angeliandika miaka saba baadaye. Paladin ilishusha mashua kuokoa watu. Petard ilitupa mabomu ya kulipukia chini ya maji ilhali watu wangali wakiogelea. Nyambizi ililazimika kuibuka. Ikapigwa kwa mizinga, na hatimaye Petard ikaizamisha kwa kombora. Kati ya watu 1,511 waliokuwa katika Khedive Ismail, 1,297 walikufa na 214 wakaokoka. Wanawake waliokufa walikuwa 77.

Tofauti kati ya riwaya na tukio ni ya msingi. Nyambizi ya Ericson huenda haikuwapo. I-27 ilikuwapo kweli, na msafara ulikuwa bado na meli nyingine nne zilizojaa wanajeshi. Mtu anaweza kutetea uamuzi wa Petard kwa nguvu, na anaweza pia kuuona kuwa mzito mno kwa dhamiri ya mwanadamu yeyote. Mhadhara huu hauko hapa kuhukumu. Unachosisitiza ni kwamba katika tukio hili walioko majini wanajulikana. Majina ya askari wa Kikosi cha 301 yamechorwa katika Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Kiswahili kilikuwa, kwa sehemu kubwa, lugha ya amri na ya maelewano katika vikosi vya Afrika Mashariki. Kwa hiyo vile vichwa vinavyoonekana kutoka darajani havikuwa bila lugha. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofunzwa kazi ya mizinga kwa Kiswahili.

Methali isemayo kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi mara nyingi hutajwa kuhusu Waafrika katika vita hivyo. Hapa haitoshi. Askari wale hawakuwa nyasi. Walikuwa wapiganaji wenye ujuzi, waliokuwa njiani kwenda vitani. Kuwafanya nyasi ni kuwapokonya kwa mara ya pili kile ambacho riwaya imewanyima, yaani hadhi ya kuwa wahusika.

5. Usomaji wa Pamoja na Kazi ya Lugha

Je, chama cha wasomaji kinaweza kufanya nini ambacho msomaji mmoja hakifanyi kwa urahisi? Kwanza, kinaweza kugawana mtazamo. The Cruel Sea huwaweka wasomaji juu ya maji; Das Boot huwaweka chini; kisa cha Khedive Ismail huwaweka katikati. Mlipuko ni mmoja, lakini unasikika kwa namna tatu. Chama kikisoma sura hizo katika kikao kimoja, wanachama wengine wakiwa wamepewa jukumu la kusemea darajani, wengine nyambizini na wengine majini, hakuna mtazamo mmoja utakaobaki mwenye mamlaka yote.

Pili, utamaduni wa namna hiyo si mgeni kwa Waswahili. Utenzi hutungwa ukikusudiwa kughanwa mbele ya wasikilizaji. Mmoja husoma na wengi husikia, husahihisha na hueleza. Vita navyo ni mada ya zamani ya utenzi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi kuhusu Wadachi walipoitamalaki Mrima, na Shaaban Robert akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya 1939 hata 1945, wenye beti zipatazo 3,000. Kuwepo kwa tungo hizi kunaonyesha kuwa Kiswahili hakikusubiri riwaya za kigeni ili kuvisimulia vita vya wakubwa wa dunia. Chama kinachozisoma kando ya Monsarrat na Forester kitaona kwamba usimulizi wa utenzi haujafungwa ndani ya chombo kimoja. Msimulizi wake huweza kuhama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine na kuutazama ulimwengu mzima, ingawa kwa kufanya hivyo hupoteza ule ukaribu wa pumzi na jasho ambao riwaya huupata.

Tatu, kusoma pamoja kwa Kiswahili kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani hulazimisha uamuzi wa kitafsiri, na uamuzi huo ni wa kihistoria pia. Chukua neno manusura. Katika Kiingereza, neno linalotumika kwa watu walioko majini limejengwa juu ya wazo la kuendelea kuishi. Manusura, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu aliyepewa nusura, yaani aliyesaidiwa. Mfasiri wa tukio la Ericson akiwaita watu wale manusura, atakuwa ametamka kwamba wamekwisha kuokolewa, ilhali msaada wenyewe ndio unaowaua. Atalazimika kuchagua: waliomo majini, walioponea chupuchupu, au waliokuwa wakingoja msaada. Kila chaguo ni tafsiri ya maadili ya tukio.

Hali ni hiyohiyo kwa kitenzi zama. Nyambizi huzamia kwa hiari yake. Meli huzama. Meli huzamishwa. Ikiwa mwanachama atasema kwamba Khedive Ismail ilizama, mwingine anaweza kumuuliza kwa nini hakusema ilizamishwa. Na Graf von Götzen ilizamishwa na nani? Viambishi vya Kiswahili humtaka msemaji aamue kama kuna mtenda au hakuna. Mjadala wa namna hii, unaoonekana kuwa wa sarufi, ni mjadala juu ya uwajibikaji.

Ipo hatari ya kutaja. Chama kinaweza kuigeuza riwaya kuwa mahakama, kila mwandishi akahukumiwa kwa asichokiandika. Usomaji huo ni mwembamba. Monsarrat aliandika bahari aliyoijua, na Buchheim vilevile. Ukweli wa kile walichokishuhudia ndio unaomwezesha msomaji wa Afrika Mashariki kukisia dakika mbili za Khedive Ismail, ambazo hakuna mwandishi mkubwa wa riwaya aliyezifanya kuwa maarufu. Riwaya zao zichukuliwe kuwa taa ya kuazima: mwanga wake ni wa kweli, ila msomaji mwenyewe ndiye anayeamua aumulikie wapi.

6. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kuwa riwaya ya vita vya baharini ni utanzu wenye nguvu unaotokana na kufunga mtazamo ndani ya chombo kimoja, na kwamba mtazamo huo huwaacha nje watu wa aina mbili waliokuwa na uhusiano wa moja kwa moja na Kiswahili: wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 na askari waliozamishwa mwaka 1944. Umeonyesha vilevile kuwa lugha yenyewe, kwa majina kama Kariakoo na kwa maneno kama manusura, hubeba ushahidi ambao riwaya hazikuubeba.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi na wataalamu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kufasiri: kuzileta riwaya hizi katika Kiswahili kwa uangalifu wa istilahi, ili zisomwe kwa sauti na kujadiliwa na wasiosoma Kiingereza. Ya pili ni kutunga. Askari 996 walipanda meli Mombasa, na wengi wao hawakufika Colombo. Kisa chao kina bahari, nyambizi, uamuzi usiovumilika na majina yaliyochorwa ukutani. Kinachosubiriwa ni riwaya ya Kiswahili itakayoanzia majini, pamoja nao, na kuitazama manowari kutoka huko.